Maji ya Mara ya Kumi

Harufu ya dawa ya maji ikinipita puani, ninamkumbuka samaki mmoja mdogo, na hasira zangu huanza upya. Ni ile dawa ya kuzuia kipindupindu, inayonuka kama sakafu ya hospitali iliyopigwa deki asubuhi. Wakati wa vita tuliinywa, tukaipikia, tukaiogea. Kwetu Rugenge, mtoto asiyenuka dawa hiyo alitazamwa kama mgonjwa wa kesho.

Baba alivua samaki wa rangi, wale wadogo wanaokaa kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika, akawauza Bujumbura kwa watu wanaofuga samaki ndani ya vioo. Siku aliyopanda mtumbwi na mzigo wake wa mwisho, aliniachia mmoja wa manjano ndani ya bokali, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, samaki mwenye macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Alinifundisha kazi akiwa amechuchumaa mlangoni. Kila siku ya tatu nimwage kikombe kimoja cha maji ya zamani, nitie kimoja kipya, nichote palepale kwenye mawe.

“Usimwage yote, mama. Iko anashituka, anakufa,” aliniambia, akiniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. “Ukibadirisha mara kumi, minye niko hapa.” Kwetu, minye ni mimi.

Mara mbili zilikwenda vizuri. Kisha mapigano yakateremka kutoka Kiringye, mpaka ukafungwa, askari wakakaa kwenye mawe. Tukabaki na sehemu moja tu ya kuteka maji ufukoni, ambako mwanamke mmoja alisimama na bomba la sindano lisilo na ncha, akitia dawa katika kila bidoni ya maji kabla haijapanda kichwani. Hakuna aliyepita bila dawa, na hakuna aliyelalamika, maana jirani yetu alikuwa ameshazika watoto wawili.

Nilimpa samaki maji hayohayo. Alikaa chini siku nzima, akipumua haraka haraka. Ningetakiwa kuelewa, lakini nilikuwa na akili ya mtoto anayemtaka baba yake. Siku tatu niliziona ndefu mno. Nikaanza kubadilisha kila siku, halafu asubuhi na jioni, ili kumi ifike upesi. Mama akanikuta.

“Weye, unafanya nini na maji?”

“Namuita baba.”

Hakunikaripia. Laiti angenikaripia.

Mara ya tisa maji yalikuwa yametoka ufukoni saa hiyohiyo, dawa bado inachoma macho. Samaki alizunguka, akagonga kioo kwa mdomo, kisha akalala ubavu. Nilimzika nyuma ya choo bila kumwambia mtu. Kesho yake nilibadilisha kikombe cha kumi katika bokali lisilo na samaki, nikakaa mlangoni mpaka mama aliponiita kula.

Siku hizi ninajua kwamba maji ya dawa yakiachwa wazi kwenye beseni, juani, siku nzima, makali hupungua. Jambo dogo namna hiyo. Baba angeniambia, ila alipoondoka dawa ilikuwa haijafika ufukoni. Kabla hajafa, mama alikiri kwamba tangu wiki ile ya kwanza alijua mtumbwi wa baba ulizama kwa risasi. Nilimuuliza kwa nini aliniacha nihesabu.

“Weye ulikuwa na kazi ya kufanya,” alisema. “Minye sikukuwa nayo.”

Ufukoni bado yuko mtu mwenye sindano, na bunduki bado tunazisikia. Kijana wangu wa kwanza alichukuliwa na wenye silaha, wakapanda naye milimani. Ninamngoja, na sina hata samaki wa kumbadilishia maji.