Sauti ya Bi Mwanaidi Kwenye Gemu la Watu

Mwanangu, siku subira yangu ilipokatika naikumbuka kwa harufu: maharage yaliungua. Nilikuwa jikoni kwangu Mwananyamala, mwiko mkononi, nikasikia sauti ya Bi Mwanaidi. "Marahaba, marahaba! Simameni vizuri, nisije nikawamwagia!" Nikadhani yupo mlangoni. Nikafuta mikono kwenye khanga nikaenda kumfungulia. Hakuna mtu. Nikarudi, sauti ile tena, na jogoo wake anawika nyuma yake.

"Mama, siyo mlangoni," binti yangu Rehema akaniambia, kajilaza kwenye kochi. "Ni kwenye simu. Na mchanga wangu umeisha, wanasema ninunue."

Mchanga! Ngoja nikueleze taratibu.

Najua utasema, mama Rehema, uzee wa kutupa nasaha umeupata wapi na wewe hata mvi huna? Kweli sina. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na mie kwa muda huu mfupi nimeonyeshwa ya watu wa miaka mingi. Kaa usikilize.

Rede unaijua. Msichana gani wa uswahilini hajacheza? Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wewe uko katikati na chupa yako, unakwepa huku unajaza mchanga. Chupa ikijaa, umeshinda. Na aliyebuni mkwepo mpya aliigwa na kila mtu, hakuna aliyenuna, ila mkwepo ulibeba jina lake. "Kapita na ule wa Zuhura!" tulikuwa tunapiga kelele, hata kama Zuhura mwenyewe kashahamia Kigamboni.

Kichochoroni kwetu tulikuwa na sheria ambayo hukuikuta mtaa mwingine. Bi Mwanaidi alikuwa akiuza vitumbua, na njia yake ilipita katikati ya mchezo. Siku moja mpira ulilikosakosa beseni lake kichwani. Akasimama. Tukajua leo tunatukanwa hadi babu zetu. Akasema kwa upole tu, "Nyie watoto, kuanzia leo mkiliona beseni, kila mtu mguu mmoja juu. Aliyesimama mguu mmoja hana nguvu ya kurusha mpira. Na mniamkie. Nisipoitikia, hakuna kushusha mguu."

Basi, beseni likitokea tunaganda kama korongo, "Shikamoo bibi!" kwa pamoja. Naye kwa makusudi anajikausha, anatembea taratiiibu, sie tunayumba, tunacheka, mpaka atamke marahaba. Aliyeanguka alitoka mchezoni. Utamu wote wa rede yetu ulikuwa hapo.

Nilipomaliza kidato cha nne nikajifunza kutengeneza gemu za simu, kwa video za mtandaoni na laptop ya mtumba ya wifi yangu Neema, ambaye mkono wake wa kuchora umebarikiwa. Gemu letu la kwanza likawa rede, na beseni lake, na mguu mmoja. Nilikwenda kwa Bi Mwanaidi kuomba ruhusa, nikamrekodi sauti uani kwake. Jogoo akaingilia kati, tukamwacha humo humo. Bibi alitoa sharti moja. "Jina langu liandikwe. Sitaki kuitwa bibi fulani." Tukaliandika mwanzo kabisa, mtu akifungua tu analiona.

Tukalipeleka kwa kampuni moja ya kutoa gemu, ofisi zao ziko Sinza, watu wenye uwezo wa kulitangaza. Wakalicheza, wakacheka, wakasema tuwaachie nakala, watatupigia. Hawakupiga. Tukalitoa wenyewe, na kidogo kidogo watu wakaanza kulipenda. Sasa asubuhi ya siku ile ya maharage ukaja ujumbe: gemu letu limeondolewa kule watu wanakopakulia, kwa sababu kampuni ile imelalamika kwamba tumeiga gemu lake la rede. Sie ndio tumeiga! Mwizi anakukimbiza huku anapiga yowe la mwizi! Nilikaa na jambo hilo kifuani mchana kutwa, najisemea mvumilivu hula mbivu. Jioni ndiyo nikamsikia Bi Mwanaidi kwenye simu ya Rehema.

Wamebeba beseni kama lilivyochorwa na Neema, mguu mmoja, sauti, hata jogoo. Jina lake ndilo wameliacha. Halafu wakaongeza la kwao: mchanga unauzwa. Mtoto akiishiwa anaambiwa anunue, na akinunua unakuja ndani ya kisanduku kilichofungwa, hajui kama ni wa kujaza chupa au ni kiganja cha kumchokoza anunue tena. Gemu gani hilo? Hiyo ni kamari ya pata potea ya stendi, imepakwa rangi za watoto tu.

Kesho yake nikamchukua Bi Mwanaidi, siku hizi anatembelea fimbo, tukaenda Sinza. Bosi wao kijana, shati limenyooka, akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo bibi."

Bi Mwanaidi akamtazama tu. Hakuitikia.

"Sista, punguza hasira," akanigeukia mie, maana nilikuwa nimeshaanza. "Rede ni ya Watanzania wote. Haina mwenyewe."

"Kama haina mwenyewe, mbona mmesema nimewaibia?"

Akajikohoza. "Hayo ni ya mwanasheria wetu. Tunalinda biashara. Kwani nyie hamkuitoa mtaani?"

"Na huyu bibi wa kwenye gemu lenu mmemtoa mtaa gani?"

"Aah, bibi wa kawaida tu. Fundi wetu ndiye aliyetafuta sauti."

Bi Mwanaidi akailaza fimbo juu ya meza yake ya kioo. "Huyo bibi wa kawaida ni mie. Na huyo jogoo tulimla Idi. Yaani mnamwibia mpaka marehemu?"

Wasichana wa mapokezi wakaangua kicheko. Bosi hakucheka. "Bibi, hadithi yako nzuri. Lakini mkienda kwenye sheria, mtachoka kabla yetu." Kisha, kwa kutuondoa, "Haya bibi, shikamoo."

Bi Mwanaidi akachukua fimbo yake, akatoka bila kuitikia. Tulipofika nje akanishika mkono. "Muache asimame hivyo hivyo," akasema. "Mguu juu."

Nilirudi nyumbani nimepandwa na hasira, mwanangu, damu inachemka, na Neema naye akaongeza kuni. "Wifi, tusiwe wajinga! Tudai rede yote. Tuandike kwamba rede ya kwenye simu ni yetu, mtu yeyote akiigusa anafutwa, na tuanze na hao." Nikaona hiyo ndiyo dawa yao! Nikachukua kalamu, nikaanza kuandika kwa nguvu hadi karatasi inachanika. Mungu wangu, nilikuwa na raha! Nilishamuona yule bosi analia.

Bi Mwanaidi alikuwa mkekani, anakunywa chai yake. "Mama Rehema, mie rede niliikuta kwa mama yangu, huko kusini, kabla sijajua kama kuna mji unaitwa Dar. Leo ukiiandika ni yako, kesho binti wa Temeke akitengeneza ya kwao utamfuta?"

Nikaendelea kuandika.

"Utamfuta?"

"Ndiyo sheria itakavyosema, bibi."

"Basi wewe na yule kijana mtatofautiana khanga na shati. Cha mtu mavi, ukila utatapika. Hata kama huyo mtu ni watu wote."

Neema akainamisha kichwa. Mie nikaichana ile karatasi. Iliniuma, sikufichi. Ile ilikuwa silaha pekee kubwa niliyowahi kuishika.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, iweke usiisahau. Kuiga si aibu, sote tumekwepa mpira na mkwepo wa Zuhura. Aibu ni kulifuta jina la Zuhura, kisha kumfukuza Zuhura uwanjani. Ukibuni kitu, kabla hujakipeleka kwa wakubwa, hakikisha jina lako limo na kuna mtu anayejua ulikitoa wapi. Mtoto asiuziwe mchanga, awe wako au wa jirani. Na ukidhulumiwa, dai chako chote, piga kelele mpaka Sinza wasikie, lakini usinyooshe mkono kwenye cha wote kwa sababu tu umekasirika, maana hasira hupoa na ulichokimeza hubaki tumboni. Mungu aibariki mikono yako inayobuni, akupe watu wa kukusema ukikosea, na popote utakaposalimia uitikiwe.

Malalamiko tuliyapeleka wenyewe, sie watatu, ofisi ya hakimiliki. Dada wa dirishani aliyasoma yote. "Mama, hili neno 'majambazi' siwezi kulipokea. Hasira haina kifungu." Nikalikata. Akafika mstari wa mwisho, nikajua na huo utakatwa. Akamtazama Bi Mwanaidi, akasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu." Akagonga muhuri. Yalisomeka hivi:

Sisi, mama Rehema, Neema na Bi Mwanaidi, wakazi wa Mwananyamala, tunalalamika dhidi ya kampuni iliyotushtaki kwamba tumeiga. Hatudai rede. Rede ni ya kila aliyewahi kujaza chupa mchanga. Tunadai michoro ya Neema, na sauti ya Bi Mwanaidi pamoja na jogoo wake, ambayo tuliirekodi uani kwake na rekodi yenyewe tumeambatanisha, nao wamevitia vyote kwenye gemu lao bila ruhusa wala jina. Tunaomba gemu letu lirudishwe, na michoro hiyo na sauti hiyo vitolewe kwao. Tena Bi Mwanaidi ameomba iandikwe kwamba mkuu wa kampuni hiyo alimwamkia mara mbili, na mpaka leo hajaitikiwa.