Sayari Aliyoitunga Mzee Wino

Mzee Wino alistaafu kwa lazima mwaka kompyuta ilipoingia ofisi ya upimaji. Alikuwa mchoraji ramani, na jina la Wino alibandikwa na wenzake kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Kompyuta haikumtukana wala kumsukuma. Ilikaa tu mezani pake, naye akapewa sanduku la kuwekea kalamu. Tangu hapo aliichukia kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani mwake. Kwa hiyo ni aibu kueleza jinsi uzee ulivyomkuta akichora ramani ya mbingu zilizomo ndani ya kompyuta.

Chanzo ni binti yake, muuza dawa, aliyekuwa akikaa naye. Siku za mapumziko binti alicheza mchezo wa mtandaoni na wenzake ambao hajawahi kuwaona kwa macho, kila mmoja na chombo chake, wakiruka kutoka nyota hadi nyota. Mzee alipita nyuma ya kiti na kikombe chake cha chai, akiguna.

"Ramani yenu iko wapi?" aliuliza siku moja.

"Hatuna, Baba."

"Nyota zote hizo hazina ramani? Huyo aliyezichora alizichora juu ya nini?"

"Hakuna aliyezichora." Binti aliondoa vipokea sauti masikioni. "Kuna namba moja tu, wanaiita mbegu. Ukifika mahali, kompyuta inachukua ile mbegu na mahali ulipo, inapiga hesabu, inatoka nyota. Rangi yake, sayari zake, milima, kila kitu. Ukiondoka, inasahau."

"Na ukirudi?"

"Inapiga hesabu ileile, inapata jibu lilelile. Hata mwenzangu akienda ataona mlima uleule, maana mbegu yetu ni moja. Kinachohifadhiwa ni kile tulichojenga wenyewe."

Mzee alikuwa amepinda mgongo maisha yake yote ili mlima uliokuwapo uonekane kwenye karatasi. Sasa anaambiwa kuna mlima ambao hauko popote mpaka apite mtu wa kuutazama. Alitaka kusema ni upuuzi. Badala yake akasema, "Sasa mnajuaje penye mafuta ya vyombo vyenu?"

Hapo ndipo alipojimaliza. Hesabu ilijua, lakini wachezaji hawakujua mpaka wafike, na kila mmoja aliweka kumbukumbu zake ovyo ovyo. Mzee akafungua sanduku. Binti akawa anamsomea, yeye anachora, na karatasi ilipojaa binti akaipiga picha na kuwatumia wenzake. Nahodha wa kundi, mtu wa sauti nzito ambaye kazi yake halisi ilikuwa kuoka mikate, alisema hajapata kuona kitu kizuri namna ile. Mzee alitembea mle nyumbani kama aliyeongezewa urefu.

Ikaja safari kubwa. Binti alikabidhiwa mali ya kundi zima, wakajenge kituo mbali. Akiishiwa mafuta njiani, pasipo nyota wala sayari, kwa sheria za mchezo, chombo alichokijenga kwa miezi mingi na mali yote ya wenzake vinapotea.

"Naelekea kwenye ile sayari ndogo ya kijani," alisema kwenye kipaza sauti. "Ramani inaonyesha ina mafuta."

Jikoni, mzee alitua kikombe. Sayari hiyo haikuwapo. Zamani wachoraji walitia kichochoro kimoja cha uongo katika kila ramani, ili anayeinakili kwa wizi ajulikane. Mkono wake ulifanya vivyo hivyo kwa mazoea, na kwa majivuno akaiwekea sayari yake alama ya mafuta, ipendeze.

Angeweza kunyamaza. Hesabu ingelaumiwa, na nani angeitetea? Wazo hilo lilimkalia vizuri, vizuri mno.

"Usiende," alisema akitokea mlangoni. "Haipo. Niliitia mimi, ya kumnasa mwizi."

Binti aligeuka taratibu. "Mwizi gani, Baba? Kila anayefika kule anaona kilekile. Kuna nini cha kuiba?"

"Ndivyo tulivyofanya siku zote."

"Nimebakiza mafuta ya kuruka mara moja tu."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Nahodha alikohoa. "Muulize mzee, ile nyota nyekundu ya jirani nayo ni ya kwake?"

"Ile ni ya kweli," mzee alisema.

"Kweli ya kweli, au kweli ya wachoraji?"

"Niliichora kama nilivyosomewa."

"Haya, tukutane hapo, ulipo sasa sipafikii. Nitaleta mafuta nikishatoa mikate."

Binti akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Mzee Wino, ambaye hakuwahi kuitakia kompyuta lolote isipokuwa moto, alijikuta akiiombea ipige hesabu vizuri. Weusi ukaanza kupauka, kisha nyota ikatoka, nyekundu, palepale alipoiweka.

Walipokuwa wakimsubiri mwoka mikate, binti alitandaza ramani mezani, akaweka wembe juu yake. Wino haufutwi, hukwanguliwa kidogo kidogo, karatasi isitoboke. Ni ujuzi utakaozikwa pamoja na mzee huyu, na hakuna atakayeulilia. Alikwangua mpaka sayari ikawa vumbi la kijani, akalipuliza.

"Na kwingine?" binti aliuliza.

"Kwingine hakuna."

"Baba."

"Kuna mwezi," alisema Mzee Wino, akiutafuta kwa ncha ya wembe. "Lakini ni mdogo."