Manivela iliyomvunja baba mkwe mkono, na mafuta ya mama mkwe

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika kutoka Uvira, mtaa wa Kimanga, kwa hiyo mkiona Kiswahili changu kinapinda mnivumilie. Ninachosimulia hapa nimekishika kwa mikono yangu, na kidonda cha tupa bado kiko kwenye kidole.

Mimi ni fundi pikipiki. Boti si kazi yangu. Lakini ukioa binti wa mwenye boti unakuwa fundi boti, upende usipende.

Baba mkwe ana boti ya mbao pale Kalundu, bandarini. Inapakia muhogo, ndagala (dagaa wa kwetu) na abiria kutoka vijiji vya kusini, na nyumba nzima inakula kwa hiyo boti. Ndani kuna injini ya dizeli ya zamani, silinda moja. Haina betri wala stata. Inawashwa kwa manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungusha.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "nunueni injini ya kisasa". Mkuu, subiri kwanza. Hii yetu inakunywa kidogo, na ikizima katikati ya ziwa hakuna nati yake inayokushinda kufungua. Ushauri wako uweke akiba.

Kwa ambao hawajawahi kuwasha mashine ya namna hii, nieleze kidogo, maana bila hapo hamtanielewa mbele.

Mwisho wa manivela kuna bomba fupi. Hilo bomba linavaa kwenye ncha ya shafti ya injini, na ukingo wake una pengo linalonasa pini iliyochomoza kwenye shafti. Unazungusha kwa nguvu, mwenzako anaachia wenzo wa kompresheni, injini inashika.

Ikishaanza kukimbia yenyewe, pini inateleza kwenye upande wa mshazari wa lile pengo na kuisukuma manivela nje. Inabaki mkononi mwako, kazi imeisha.

Isipotoka, inazunguka pamoja na injini. Hapo omba uwe mbali.

Kwa baba mkwe haikutoka. Ilimpiga mkono wa kulia chini ya kiwiko, mfupa ukavunjika. Wapakiaji wa bandarini ndio waliombeba.

Alipotoka hospitali na plasta yake, ikaamuliwa kwamba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ndiye ataendesha boti. Kutengeneza nikaachiwa mimi.

Mke wangu akaniambia hivi: "Utengeneze hiyo kitu muzuri. Ikivunja na mukono ya kaka yangu, usirudie hapa."

Sisi hutaniana sana na mke wangu. Siku ile hakuwa anatania.

Nikateremka Kalundu na mfuko wa vyombo. Pini nilikuta imepinda na imeliwa upande mmoja. Pengo la manivela nalo lilikuwa limechakaa, ule mshazari umebaki na vishimo, kwa hiyo pini badala ya kuteleza inakwama. Spea yake Uvira hakuna, na Bujumbura niliulizia wakanicheka.

Nikachukua ekseli ya pikipiki iliyokufa, nikakata kipande, nikakipiga tupa mpaka kikaingia kwenye tundu kwa kubana. Shemeji akataka tukichomelee kabisa ili kisitoke. Nikamwambia weye kaa na nyavu zako. Ukichomelea, siku pini ikiisha tena utaitoa na nini? Na ule moto unaweza kuipinda shafti yenyewe.

Halafu nikausawazisha ule mshazari taratibu, napima, napiga tupa, napima tena. Ndiyo kazi iliyonila kidole.

Nilipoanza kusafisha bomba kwa ndani, tupa ikatoka na kitu chekundu kizito kama nta. Nikanusa. Mawese.

Nikamwangalia shemeji. Naye akaangalia ziwa.

"Iko ya mama," akasema.

Wakuu, hapa ndipo palipokuwa na kazi kubwa kuliko ile ya pini.

Zamani kulikuwa na kipindi grisi haipatikani, mama mkwe akamchujia mumewe mawese safi apake manivela. Ikafanya kazi. Tangu hapo kila wiki anachuja mengine, anaweka kwenye chupa, anampa mzee. Kwa familia ile, injini inaishi kwa sababu ya mafuta ya mama. Ukienda kula kwao utaisikia hiyo habari.

Sasa mawese mchana ni mafuta, alfajiri yanaganda. Yakikaa muda mrefu bila kufutwa yanageuka gundi. Pini mbovu peke yake labda ingesamehe. Pini mbovu na gundi juu yake, manivela haina pa kutokea.

Nani amwambie?

Kwetu mkwe hamkosoi mama mkwe. Mimi hata mkeka mmoja sikai naye. Neno likiwepo linapitia kwa mke au kwa shangazi. Mke wangu nilipomweleza akanijibu hivi: "Yaani minye nimuambie mama kama ndiye alimuvunja baba?" Shangazi yuko Bijombo, juu milimani, simu haimpati. Shemeji ghafla akawa na nyavu nyingi za kushona.

Kwa hiyo hakuna aliyesema.

Siku ya kujaribu tukakutana bandarini asubuhi. Shemeji alikuwa ameshavua shati. Baba mkwe akaja na mkono wake kifuani, mama mkwe nyuma yake, na chupa ameishika.

Mzee akaniuliza, "Mukwe, ilikuwa nini?"

Ningeweza kusema pini nikanyamaza, na usingekuwa uongo. Lakini nilimwona shemeji ananyoosha mabega, ndiye wa kuzungusha, na ile chupa iko pale. Nikaangalia chini nikasema, "Baba, pini ilikuwa imekwisha. Na mawese yaliganda mule ndani, yakaikatalia manivela kutoka."

Nilitamani kuwa popote, ila si Kalundu.

Mama mkwe akasema, "Nionyeshe."

Nikapaka bomba kwa yale mabaki ya zamani niliyoyakwangua, nikaivalisha manivela. Akaivuta mwenyewe, ikagoma. Nikafuta kwa dizeli, nikatia oili ya injini, akaisukuma kwa kidole ikateleza.

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nipe hiyo."

"Mama, acha," shemeji akasema.

"Weye nyamaza. Kama iko ya kuvunja tena, ianze na mukono yangu."

Wakuu, niliogopa. Nikamwambia tu, mama, kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, usikumbatie chuma. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia uso kwa uso bila mtu katikati.

Yule mama amebeba magunia ya muhogo tangu ujana wake. Alizungusha, shemeji akaachia kompresheni, injini ikakohoa, ikashika. Manivela ikatoka, akabaki ameishika.

Hakufurahi hata kidogo. Aligeuka kwa mumewe. "Basi ni minye nilikuvunja."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Nilijua inaganda. Kila asubuhi nilikuwa naiweka manivela kwanza karibu na makaa ya mbabula, wakati wa chai, mpaka mafuta inalainika. Siku ile makaa ilikuwa imelowana na mvua."

"Myaka yote hiyo?"

"Yote."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa unaichuja weye mwenyewe."

Mama mkwe akakaa juu ya gunia akalia, mzee akakaa kando yake. Mimi na shemeji tukainamia injini kama watu wenye kazi, wakati haikuwa na tatizo lolote.

Nilichojifunza kwenye chuma: bomba la manivela lifutwe kabla ya kila safari, tia oili ya injini kidogo, usipake mafuta ya kula hata yawe safi namna gani. Mshazari ukichakaa usingoje. Na kidole gumba mmeshasikia.

Kwenye mengine sina uhakika. Nyumba nzima ilikuwa inamhurumia mama asije akaumia moyo, na mzee ndiye aliyevunjika mfupa. Sasa hivi mama mkwe ananisalimu mwenyewe, tena kwa jina. Mke wangu anasema ni heshima, shemeji anasema amenikasirikia.

Wenye mashine za kuwasha kwa mkono, ninyi mnapaka nini? Na wenye wakwe, neno kama lile mngelipitishia wapi? Karibuni, nasoma yote, hata ya yule wa injini ya kisasa.