Njoo Haraka, Usiulize Mengi

Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, huku Nyololo, na kila mwaka kuna wiki moja ambayo nawakaririsha watoto maneno ya haraka. At once. Right away. Immediately. As soon as possible. Nawapa kazi ya kuandika barua ya kumwita mtu, na hapo nakuwa mkali: barua ya dharura haianzi na salamu za shangazi wala hali ya mahindi, inaanza na shida yenyewe. Watoto wanaona nawafundisha utovu wa adabu. Siwalaumu, maana hata mimi kwetu sikulelewa hivyo.

Kwetu ni vilimani juu ya jiji la Mbeya, Usafwani, kwenye viazi na baridi. Na kwetu mtu haambiwi msiba kwenye simu, hata awe mwanajeshi. Utaambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo haraka, usiulize mengi. Ukifika ndipo unaliona turubai. Baba alipofariki niliambiwa hivyohivyo: amezidiwa, njoo haraka. Nikatoka mbio na kandambili miguuni, nikasimama kwenye basi kutoka Nyololo mpaka Igawa, njia nzima namwomba Mungu anipe hata dakika tano za kumkuta. Nafika, wanaume wanaota moto uani, kaburi limeshachimbwa. Baba alikuwa amefariki tangu jana yake. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote wa nchi hii, nikaapa kwamba haraka ya namna ile hainipati tena.

Basi mwaka jana, msimu wa baridi, niko ofisi ya walimu na rundo la madaftari, saa sita mchana, ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa mdogo wangu wa kiume anayeishi na mama. Yeye aliishia darasa la saba, analima viazi, na tangu tuzaliwe hatujawahi kuandikiana neno la Kiingereza. "Dada mama is very sick. Come immediate. Urgent. Urgent."

La kwanza nililoliona, Mungu anisamehe, ni kosa lake la sarufi. La pili, nikajua mama hayupo. Nilidhani mdogo wangu ameshindwa kulitamka kwa lugha yetu, akalifunika na Kiingereza, kama tunavyofunika mambo mengi ya uchungu na aibu. Nikapiga simu. Akapokea analia, haeleweki. Baba mdogo akamnyang'anya simu: "Wewe njoo tu, mwanangu. Usiulize mengi."

Maneno yaleyale, sauti ileile ya siku ya baba. Sikuuliza mengi. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka walimu wakaja.

Walimu nao ni watu wa huku, hawakuhitaji kuelezwa. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili akausoma ujumbe, akatikisa kichwa, akaizima simu yangu na kuitia kwenye mkoba wake. Ndivyo tunavyofanya, ili mfiwa asikutane na pole za watu kwenye simu kabla hajafika nyumbani. Mkuu wa shule akasema madam haendi peke yake, kesho asubuhi tutamsindikiza na gari. Kuna mmoja aliyeuliza kama nisingependa kutangulia. Nikamjibu kwa mdomo wangu huuhuu kwamba nitangulie kuwahi nini, marehemu hana haraka, atatungoja.

Nikaenda dukani, pale barabarani, kununua sanda. Muuzaji anapima kitambaa, basi la Mbeya likasimama mbele yetu. Konda akaning'inia mlangoni: "Mama, Mbeya? Siti ipo." Ilikuwa saa nane. Nikamwambia hapana, kesho. Saa tisa na nusu likapita lingine, nalo nikaliangalia tu. Wenzangu walikuwa wanatafuta mchele wa Madibira wa kuwapikia waombolezaji, na mimi nachagua kanga.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Makambako nilikunywa chai. Nalisema hili kwa sababu linanitafuna mpaka leo: nilikaa kwenye kiti, nikanywa chai ya maziwa, na chapati nikala. Chimala tukasimama tena, dereva anapima upepo wa matairi, na hakuna aliyemhimiza. Wenzangu walikuwa wananipa moyo kwamba nimekuwa jasiri, silii. Nilikuwa nimeshalia yote jana yake.

Saa tano tukafika. Hakuna turubai. Nikafikiri wamezembea kulifunga, nikakasirika. Jirani yetu, mama mtu mzima tunayesali naye kanisa moja, akatoka kunipokea. Akaiona sanda mikononi mwangu, akajishika mdomo.

"Mwanangu, nani amekuambia upesi hivi? Mama ametutoka saa kumi na moja alfajiri. Hata kengele ya kanisa bado haijapigwa."

"Alfajiri ya lini?" nikamwuliza.

"Ya leo, mwanangu. Hii ya leo."

Wenzangu walioshuka kwenye gari wakiwa tayari kulia walisimama na mchele wao, wanatazamana. Sijawahi kuchukia watu kama nilivyowachukia dakika ile, na hawakuwa wamenikosea chochote ambacho mimi mwenyewe nisingewafanyia.

Mdogo wangu alikuwa jikoni, kwenye kigoda. Hakusimama. Nikamwuliza kwa ukali, ndiyo, mimi ndiye nilikuwa mkali, kwa nini hakusema wazi kwamba mama yuko hai.

"Ningesema yuko hai ungeamini?" akanijibu. "Si ndivyo walivyokuambia hata kwa baba? Mimi nilikuwepo, dada, niliona ulivyofika. Ndiyo maana nikakuandikia kwa Kiingereza. Nilijua kwa Kiswahili utadhani ni yale yetu. Nikasema Kiingereza hakina desturi hiyo, mwenyewe anakifundisha, akikiona atajua ni kweli anaumwa. Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikapiga mpaka chaji ikaisha."

Nikataka kumshika, akausogeza mkono wake. Halafu, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia, akanisimulia. Mama alikataa kulala chumbani. Akataka godoro lake liwekwe sebuleni, mlango uachwe wazi, na baridi ile ya kwetu. Kila aliyeingia alimwuliza mabasi ya kutoka Makambako yanafika saa ngapi. Mdogo wangu alishuka stendi mara tatu kunipokea. Mara ya tatu alirudi akamdanganya mama kwamba basi limeharibikia Chimala, dada yuko njiani, anatembea. Mama akasema waniwekee uji, nitafika na njaa. Aliongea mpaka saa tatu usiku.

Ule uji niliukuta. Ulikuwa kwenye chupa ya chai, juu ya meza.

Kutoka Nyololo mpaka kwa mama ni saa tano. Mama alinipa kumi na saba.