Kisanduku Kilichofungwa Kabla ya Jumapili

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na mke wangu amenicheka kwa hilo tangu tulipooana. Nikitoka nyumbani narudi kutazama kama nimefunga mlango, na nikifika kituo cha basi moyo unanituma nirudi tena. Kwa hiyo jioni ile ya Jumatano aliponiambia kwamba kisanduku kimegoma kufunguka na bangili za mama yake zimo ndani, alijua usingizi nimeshauaga.

Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza, mimi karani bandarini, tumepanga Temeke. Kila Jumapili mchana nilikuwa nakwenda Chang'ombe, uani kwa rafiki yangu mmoja wa reli, ambako watu wachache tulikutana kuchezea mbao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa seremala. Mmoja alikuwa mshona nguo kutoka Lindi, karibu na kwetu, na mkubwa wetu kwa umri alikuwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyakula huko huko Temeke. Alizaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu mie mtu wa Masasi. Randa na patasi zilitufanya tukae mkeka mmoja, jambo ambalo mjini kwenyewe lingewafanya watu wageuke kutazama.

Kila mwaka masika yakishapita tulibadilishana visanduku. Haukutumika msumari wala bawaba, na kila kisanduku kilikuwa na siri yake ya kufungukia: kipande fulani cha ubao cha kusukuma, upande fulani wa kuinamisha. Siku ya kubadilishana, aliyetengeneza alimnong'oneza siri yule anayepewa na kumwonyesha mara moja, na sisi wengine tuligeuka tukawapa mgongo huku tukikohoa kwa nguvu ili tusisikie. Tulikuwa watu wazima wenye wake na watoto, lakini kukohoa kule tulikuchukulia kwa uzito kabisa. Sharti lingine lilikuwa hili: kisanduku ulichopewa hukigusi kwa chuma maadamu aliyekitengeneza yu hai. Kukipasua kulikuwa sawa na kumpiga mtu kofi mbele ya wenzake.

Mwaka ule nilipata cha mzee wa duka, cha mninga, kilichopigwa msasa hadi ukikishika unadhani ni ngozi. Tatizo la mzee yule lilikuwa moja, hakuweza kuiacha kazi yake ikatulia. Alikupa kisanduku leo, mwezi ujao anakiomba akiongeze kitu. Changu alikichukua akakaa nacho, kisha akanirudishia kikiwa wazi, kifuniko kimezuiwa na kijiti. Akaniambia amebadilisha siri yake yote, hii mpya ni tamu zaidi, nisikifunge mpaka Jumapili anionyeshe wenzetu wakikohoa kama desturi inavyotaka.

Nilikiweka juu ya kabati nikamwambia mke wangu asikiguse. Lakini mimi nyumbani nilikuwa nasema usiguse kwa kila kitu, hata kwa vitu vya jirani, na maneno yangu yalikuwa yameshachuja. Yeye alikuwa ametoa bangili kwenye fundo la khanga, akazisugua kwa majivu na limau zikawaka, akatafuta mahali pazuri pa kuziweka. Akaona kisanduku kizuri chenye uchafu wa kijiti. Akautupa uchafu, akaweka bangili, akafunga. Kikalia kidogo, akafurahi.

Bangili zile hazikuwa zake. Marehemu mama yake aliziacha zivaliwe na kila binti siku ya harusi yake, kisha azitunze mpaka zamu ya mwenzake. Mdogo wake alikuwa anaolewa Kawe Jumamosi ya wiki ileile. Na huko Kawe palikuwa na mashangazi ambao tangu zamani walinong'ona kwamba dada mkubwa ameziuza, maana mume wake ni karani anayependa kujionyesha. Mimi kujionyesha kwangu kulikuwa suruali mbili. Lakini maneno ya mashangazi hayasubiri ushahidi.

Jioni ileile ya Jumatano nikakikimbiza kisanduku dukani. Mzee alifurahi kuniona. Akakipokea, akakigeuza, vidole vikatembea pembeni, chini, kwenye maungio. Akatabasamu. Akakigeuza tena. Akaingia mteja kutaka sukari, mzee akapima, akafunga karatasi vizuri bila kumwaga hata chembe, akarudi. Akakitazama kisanduku pale mezani, kisha akanitazama mimi.

"Kizuri hiki," akasema. "Umekitengeneza mwenyewe?"

Nikamwambia ni chake mzee, ni kile cha siri mpya. Akacheka na kusema ndiyo, ndiyo, anajua, leo amechoka tu, nije kesho. Nilipotoka, mwanawe mkubwa aliyekuwa akisaidia dukani alinifuata hadi barazani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba siku nyingine yuko sawasawa, siku nyingine anapotea, na juzi alisimama nje ya msikiti wake wa miaka yote akiuliza njia ya nyumbani. Aliniomba nisiwaambie wenzetu. Nilikubali, na sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuhangaikia.

Alhamisi nilirudi, mzee hakukumbuka kwamba nilikuja Jumatano. Alikihangaikia kisanduku mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mimi nikamwambia hakuna haraka yoyote. Huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema katika maisha yangu ya ukarani. Kutoka hapo nilikwenda Chang'ombe kwa rafiki yangu wa reli, bila kumwambia habari za mzee. Akakitikisa, bangili zikalia ndani. Akajaribu kila alichokijua, kusukuma, kuinamisha, kugonga chini kwa kiganja.

"Kipasue tu," akasema mwishoni. "Mzee atakuelewa."

"Akiniuliza kwa nini sikumpelekea yeye, nitamjibu nini?"

Akanirudishia kisanduku. Kukipasua kungekuwa kumwambia mzee usoni kwamba nimejua anasahau.

Ijumaa sikula. Kazini niliandika mzigo wa gati moja kwenye gati jingine, Mzungu wa ofisini akaniuliza kama naumwa. Nyumbani nilimkuta mke wangu, ambaye nilishamweleza hali ya mzee, ameketi mkekani, kisanduku mbele yake, nguo za harusi zimekunjwa kando.

"Nikifika Kawe mikono mitupu, nimeshakuwa mwizi," alisema. "Mama yangu aliniamini mie, hakumwamini mwingine."

Hapo nikachukua msumeno. Nikakibana kisanduku kwa goti, nikaweka meno ya msumeno kwenye ungio la kifuniko. Mkono wangu ukakataa kusukuma. Nilimwona mzee akifunga ile karatasi ya sukari, kwa uangalifu ule. Nilimpenda mzee yule, na nilikuwa sijawahi kujua hivyo mpaka nilipokuwa na msumeno juu ya kazi yake.

Mke wangu akanishika kifundo cha mkono.

"Weka chini. Niambie, mzee huyu hukasirishwa na nini?"

"Hakasiriki huyo. Labda umwambie kazi yake mbovu. Mshona nguo alimtania mara moja kwamba kifuniko chake kinacheza, hakumsemesha mwezi mzima."

Mke wangu alikiweka kisanduku ndani ya kapu, juu yake akapanga nguo.

Jumamosi asubuhi tulitoka tumevaa nguo za harusi, ili tukitoka dukani tupande basi moja kwa moja. Njia nzima nilimuuliza atafanya nini, naye akanijibu kwamba nikiingia mle nifunge mdomo, jambo ambalo kwangu ni gumu kuliko kubeba magunia. Mzee alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya mizani. Macho yake yalitupita kama ya mtu anayewatazama wapita njia.

"Shikamoo, baba," mke wangu akasema.

"Marahaba, binti yangu."

Akakitoa kisanduku kapuni, akakiweka mezani kwa kishindo kidogo ambacho kilinichoma mimi. Halafu, kwa sauti kavu ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Nimekuja kurudisha. Kifuniko kinalegea. Kimekaa ovyo, hata mtoto anakifungua."

Uso wa mzee ukabadilika. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Kinalegea?" akasema. "Changu mimi kinalegea?"

Akakivuta. Hakukitazama. Alikuwa akimtazama mke wangu kwa hasira, na huku anamtazama, kidole gumba kilibonyeza pembe ya chini, kiganja kikakiinamisha kushoto, kidole kingine kikasukuma ubao mwembamba ambao mimi siku zote hizo sikuuona kama ni ubao. Kifuniko kikapanda taratibu. "Tazama," akasema. "Tazama mwenyewe kama kinalegea."

Bangili zilikuwa mle ndani zinang'aa. Mke wangu aliingiza mkono upesi akazitoa, akazivaa zote palepale, na machozi yakaanza kumtoka.

Mzee akamtazama anavyolia. Akaitazama mikono yake mwenyewe, mmoja kisha mwingine. Ile hasira ilimtoka polepole, na mahali pake ikaja hofu ambayo niliitambua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo niliyoishi nayo maisha yangu yote. Alikifunga, akajaribu kukifungua tena, safari hii akikitazama kisanduku, kidole kikaenda kwenye pembe, kikasita, kikarudi.

"Hakilegei," akasema kwa sauti ndogo.

"Hakilegei, baba. Nimekudanganya. Nisamehe."

Nje mwanawe alikuwa akishusha magunia, tukawa tunasikia anavyohema. Mzee akakisukuma kisanduku kwa mke wangu juu ya meza, na mkono wake ukabaki juu ya kifuniko.

"Siku hizi kuna vitu vinaniponyoka, binti yangu," akasema. "Ukisikia nimepotea kabisa, njoo unidanganye tena."

Mke wangu aliuweka mkono wake juu ya ule wa mzee, bangili zikagongana.

"Nitakuja, baba," akamwambia.