Wageni wa Zamu

Mpaka anaingia kaburini, Mama Hodi hakuwahi kuingia chumba chochote cha nyumba yake ya wageni bila kubisha hodi, hata kile ambacho shuka zake alikuwa amezitoa mwenyewe asubuhi hiyo. Alibisha, akasubiri kidogo, akachungulia, ndipo akapita na ufagio. Majirani walimcheka hadi wakampa jina hilo, naye akalibeba bila kinyongo. Alisema chumba kikishalaliwa na mtu, si chako tena peke yako.

Mpwa wake, binti wa marehemu kaka yake, ndiye aliyemwingiza mtandaoni. Alikuwa amerudi kisiwani na shahada ya utalii na hana kazi, akaona vyumba safi vya shangazi yake vikilala vitupu huku hoteli kubwa za ufukweni zikifurika. Akapiga picha vitanda, mikeka, dirisha na upepo wake, akaziweka kwenye programu ya kukodisha vyumba. Haukupita muda wageni wakaja kweli. Paa la nyuma likaezekwa upya, tangi la kuvuna maji ya mvua likanunuliwa.

Sasa, wenye nyumba za wageni mtaani pale walikuwa na utaratibu wao wa tangu zamani. Meli ikishusha watu, waliwapokea kwa zamu: wa kwanza kwa huyu, anayefuata kwa yule, asilale mtu njaa. Mama Hodi hakuona kwa nini simu ivunje ujirani. Wageni wa mtandaoni nao akawatia kwenye zamu. Aliwapokea, akawapa maji ya kunywa, kisha akawatembeza mwenyewe hadi kwa Mama Cherehani, mshonaji mwenye vyumba vya wageni nyumba ya tatu, ambaye simu yake ilijua kupiga na kupokea basi.

Mpwa alimwonya kwamba mtandao haujui zamu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shangazi alimjibu. "Na mwenyeji ni mimi peke yangu? Mshonaji ametoka mbinguni?"

Wageni hawakulalamika. Mmoja aliandika, kwa nia njema kabisa, kwamba alikodi nyumba hii akalala ile, na kwamba mwenyeji wake wa pili alimshonea suruali bure. Wiki hiyohiyo akaunti ikafungwa. Ujumbe ulisema mwenye nyumba anawahadaa wateja.

Mpwa aliandika maelezo. Jibu likaja papo hapo, lenye adabu, likimshukuru kwa kuwasiliana. Akaandika tena, akaeleza zamu ni nini na tangu lini. Likaja lilelile, hadi nukta. Akapiga simu, sauti iliyorekodiwa ikamtaka abonyeze namba, akabonyeza, ikamrudisha alikoanzia. Mama Hodi alikaa kando yake ukumbini, amejitanda mtandio wake mzuri, kana kwamba wa upande wa pili angemwona. Alimwomba mpwa awaambie waje, walale bure, wajionee wenyewe. Mpwa alikosa namna ya kumweleza kwamba hakukuwa na wa kuja.

Na wale wa kupokewa gatini walikuwa wameadimika. Siku hizi kila anayeshuka amekwisha kupanga pa kulala kabla hajapanda meli. Akishuka hafuati mtu, anafuata mshale ulio kwenye simu yake. Majirani walikuja kutoa pole, wakaulaani mtandao, wakamlaumu mpwa chinichini. Mama Cherehani alilia akisema balaa limeanzia kwake, akanyamazishwa. Baada ya hapo walikaa tu. Nani wangemwendea?

Mpwa alipata kazi ya mapokezi ng'ambo, kwenye hoteli. Shangazi akamsindikiza hadi gatini. Hakumlaumu, na ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alimkung'uta vumbi begani, akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa mpwa.

"Huko uendako, mwanangu, ukikutana na mtu wa hiyo programu, mtu wa nyama na damu, usigombane naye. Mwambie tu kwamba mimi nipo."