Tabibu Asiyekufa wa Bwana Hamuro

Kutwa nzima Hamuro Shigemitsu alikuwa mtu wa kupiga magoti. Aliuza viatu vya wazee katika duka moja mjini Matsumoto, na kazi yake ilikuwa kushika nyayo za watu na kuuliza kama panabana. Lakini Jumapili, akishaingia mkahawani kwa Bi Sawae, alikuwa Kamanda. Jina hilo lilimnenepesha kuliko chakula.

Walikutana pale watu wazima wachache, kila mmoja na kimashine chake cha gemu kiganjani. Gemu lenyewe ni la vita vya kupokezana zamu: wewe unasogeza askari wako, kisha unangoja adui asogeze wake. Askari akifa, amekufa. Harudi hata umlilie. Ila ipo njia ya waoga, nayo ni kuzima mashine kabla haijauhifadhi msiba, kuiwasha upya, na kujifanya hakuna kilichotokea. Sharti la kikundi lilikuwa moja tu, kwamba hakuna kuzima. Na kila mwaka siku za Obon, majumbani watu wanapokaribisha roho za wafu wao, hawa waliwakumbuka pia askari wao waliokufa. Mtu alitaja jina na kueleza kifo, naye Bi Sawae akamwekea marehemu kikombe cha chai ya shayiri mezani. Wacheke ukitaka, lakini walikuwa wakweli, isipokuwa Kamanda wao.

Hamuro alizima ndani ya treni, alizima chooni kazini, alizima hata askari wake akipata mkwaruzo. Kisha Jumapili alikuja na uso wa matanga kuwafundisha wenzake ushujaa. Kashiwabara, dereva wa lori la maziwa, alipompoteza mpiga upinde wake kwa uzembe, Hamuro alimpa hotuba ndefu mpaka kahawa ya watu ikapoa.

Obon ya mwaka uliotangulia alipitiliza. Alikuwa amempa tabibu wa jeshi lake la gemu jina la Kinuko, jina la marehemu mkewe. Akasimama mkahawani na kutangaza kwamba Kinuko ameuawa darajani akimtibu mwenzake, na kwamba yeye ameinamisha kichwa na kusonga mbele. Kashiwabara alilia. Mama Minegishi, mjane anayefundisha ushonaji, alimshika mkono, na tangu siku hiyo akawa anamletea mboga za chumvi alizosindika mwenyewe. Hamuro alizila zote, tena akarudisha bakuli na kuomba nyingine. Haya hakuwa nayo hata chembe.

Sasa, mashine hizi zina tabia ya kusalimiana. Zikikaribiana, hata zikiwa mifukoni, askari wa huyu hutokea kwenye kioo cha yule. Hamuro aliifunga salamu hiyo kila mara kabla ya kuingia. Obon hii, kwa pupa ya kwenda kusifiwa, alisahau.

Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye mashine ya Mama Minegishi. Akaifungua. Kisanamu kidogo chenye joho jeupe kilikuwa kinatabasamu: mimi ni Kinuko, tabibu mkuu, sijambo.

"Kamanda," akasema taratibu, "huyu si yule tuliyemwekea chai?"

Hamuro akasema mashine ina hitilafu. Halafu akasema ni Kinuko mwingine. Halafu, kwa kukosa aibu kabisa, akasema siku hizi ni za mizimu kurudi.

"Mzimu gani huo, ndugu yangu," akauliza Kashiwabara, "umepanda cheo tangu mwaka jana?"

Mama Minegishi hakucheka. Alimwambia Hamuro ampeleke Kinuko darajani hapo hapo, mbele yao. Akipona, uongo wa mwaka jana watausamehe. Akifa, watamwekea chai, na Hamuro atabaki na kiti chake. "Usizime tu," akamwambia. "Hatutaki kingine."

Hamuro akacheza. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola. Akamsogeza tabibu, akangoja zamu ya adui. Wapanda farasi wakaja, mkuki ukanyanyuliwa, na kabla haujafika kidole gumba kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Kioo kikawa cheusi.

"Siwezi," akasema. "Hata yule wa kweli sikumwona akikata roho. Nilitoka wodini. Nilisema naenda kununua maji."

Mama Minegishi alifunika mashine yake.

"Mimi mume wangu nilimfumba macho kwa vidole hivi," akasema. "Mboga nilikuwa nakuletea kwa sababu nilidhani na wewe ulikaa hadi mwisho."

Hakuna aliyemfukuza Hamuro. Alisimama mwenyewe, akainama kuwaaga, akatoka. Kwenye treni aliiwasha mashine. Kinuko alikuwa amesimama upande huu wa daraja, mzima, akingoja amri. Hakuna aliyekufa, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyeuliza Hamuro yuko wapi.